Wadudu wa udongoni kwenye viazi mviringo: namna ya kuwadhibiti bila kuua shamba

Mdudu anayekula majani unamwona akiwa kazini. Wa udongoni unakuja kumjua siku ya kuchimba, mkononi una kiazi chenye matundu, na siku hiyo hakuna dawa itakayoyaziba. Ndiyo maana mkulima anayesubiri dalili huwa amechelewa. Kazi ya kuwadhibiti inaanza mwezi mmoja au zaidi kabla ya kupanda na kwa sehemu kubwa inaishia siku unapopandishia udongo mara ya pili.

Maelezo haya yanamfaa mkulima wa nyanda za juu: Njombe, Makete, Mbeya na Iringa, Lushoto, na upande wa Kenya Nyandarua, Molo na Meru. Vipimo ni vya ekari moja, yaani kama mita za mraba 4,000, iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashina. Kwa nafasi hiyo unapata mistari yenye urefu wa jumla wa mita 5,300 hivi na mashina kama 17,700. Kumbuka namba hizo mbili, zitarudi.

Soma tundu kabla ya kumlaumu mdudu

Chukua viazi vibovu vya msimu uliopita, vioshe, kisha vikate kwa kisu chenye makali kufuata njia ya tundu. Hapo ndipo utajua unapambana na nani.

Tundu la mviringo lenye upana wa milimita 2 hadi 3, safi kama lililotobolewa kwa msumari mwembamba, linaloingia ndani moja kwa moja na halina uchafu, ni la funza waya. Huyu ni mtoto wa yule mbawakawa mwembamba ambaye ukimlaza chali anadata na kujirusha juu. Funza mwenyewe ana urefu wa sentimita 2 hadi 3, rangi ya manjano iliyokoza hadi kahawia, anang'aa, na ngozi yake ni ngumu kiasi kwamba ukimbana kati ya vidole hapasuki kirahisi.

Shimo pana, lisilo na umbo maalumu na lisilozama sana, kana kwamba mtu amekwangua nyama ya kiazi, ni la funza weupe: wale wanene, wenye kichwa cha kahawia na miguu sita mbele, wanaojikunja nusu duara ukiwafukua. Sota, yule kiwavi wa nondo anayekata miche, naye huacha shimo pana linalofanana na hilo, lakini mara nyingi kwenye viazi vilivyo karibu na uso wa udongo, na huwa ametangulia kukuachia ushahidi mwingine: miche iliyokatwa usiku usawa wa ardhi.

Ukiona kinyesi cheusi kimerundikana kwenye macho ya kiazi, na ndani kuna njia zinazopinda chini ya ganda zenye nyuzi nyembamba kama hariri, huyo ni nondo wa viazi. Ana makazi yake juu ya ardhi, lakini watoto wake wanaingia udongoni kupitia nyufa. Anahitaji mbinu tofauti kabisa, tutamfikia.

Tahadhari mbili. Jongoo mara nyingi anakutwa ndani ya kiazi na kubeba lawama, kumbe ameingia kwenye tundu lililochimbwa na mwingine na kulipanua. Na ndago, yale magugu yenye mizizi mikali, hutoboa kiazi upande hadi upande. Tundu la ndago linatokea upande wa pili na huwa na kipande cha mzizi ndani. La funza waya kwa kawaida linaishia katikati. Wapo watu wamenunua dawa ya wadudu kwa ajili ya magugu.

Kagua shamba kabla ya kununua mbegu

Ukaguzi ni kazi ya siku moja, na ndiyo hatua inayookoa fedha nyingi kuliko zote. Subiri udongo uwe na unyevu. Kiangazi kikikolea, au baridi ikizidi, funza hushuka chini kuliko jembe linavyofika, ukichimba utadhani shamba ni safi.

Chimba mashimo 20 ukitembea kwa njia ya kona kona shamba zima, kila moja urefu, upana na kina sentimita 30. Mwaga udongo wa kila shimo juu ya gunia jeupe au turubai, vunja mabonge kwa mkono, hesabu na uandike. Mashimo 20 ya kipimo hicho ni sawa na mita za mraba 1.8. Kwa hiyo ukikuta funza weupe 9 kwa jumla, hao ni 5 kwa kila mita ya mraba, yaani 20,000 kwa ekari. Rudi kwenye ile idadi ya mashina: una funza zaidi ya mmoja kwa kila shina, kabla hujapanda.

Si kila funza mnene mweupe ni adui. Mweke juu ya ubao au ardhi tambarare. Anayegeuka na kutembea kwa mgongo, miguu ikiwa juu, ni wa jamii inayokula vitu vilivyooza. Mrudishe kwenye mboji. Anayelala ubavu akijikunja, au anayejikokota kwa miguu, mhesabu.

Funza waya ni mgumu kumwona shimoni, kwa hiyo mtegee chambo. Loweka kikombe cha mahindi na ngano kwa saa 24, ukizike kina cha sentimita 10 hadi 15, funika kwa udongo na uweke kijiti cha alama. Sehemu 10 kwa ekari zinatosha. Fukua baada ya siku 7 hadi 10 na uchambue udongo pamoja na mbegu zilizoota. Mbegu inayoota hutoa hewa ya ukaa, na funza waya hufuata hewa hiyo kutafuta chakula. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanategesha kwenye shamba ambalo bado lina majani. Mizizi hai nayo inatoa hewa ileile, hivyo chambo kinapoteza mvuto na mtego unaweza kutoka mtupu. Safisha kwanza, subiri wiki mbili, ndipo utege.

Ushauri wetu ni huu: kama zaidi ya nusu ya vyambo vina funza waya, au mashimo yanakupa funza weupe wengi kama kwenye mfano wa hapo juu, usipande viazi hapo msimu huo. Panda maharage, njegere au kabeji. Watakula mizizi kidogo, lakini mavuno utakayouza yako juu ya ardhi.

Shamba limetoka wapi

Kwenye nyanda za juu kuna mazoea ya kufungua pori la majani au malisho ya zamani na kuanza na viazi, kwa sababu udongo umepumzika na una rutuba. Kwa upande wa wadudu, hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote. Mbawakawa wa funza waya hupenda kutaga kwenye udongo wenye nyasi, na wengi wa funza weupe pia. Funza hukaa udongoni muda mrefu, wengine zaidi ya mwaka mmoja, hivyo unapolima wanabaki pale pale, ila sasa umewaondolea chakula chao na kuwapa kiazi.

Shamba lililokuwa na nyasi, hasa sangari, lipewe walau misimu miwili ya mazao mengine yanayopaliliwa vizuri. Mahindi na ngano si chaguo zuri la msimu wa kwanza, maana ni jamii ya nyasi na yanaendelea kuwalisha. Jamii ya mikunde na kabeji ni bora. Na palizi iwe ya kweli. Shamba la maharage lililojaa sangari halina tofauti na malisho.

Jembe ni dawa, likiingia wakati wake

Lima mara mbili, wiki mbili hadi tatu zikiwa katikati, kina cha sentimita 20 hadi 25. Kulima kwa kwanza huwatoa funza juu na kuvunja vyumba wanavyogeukia kuwa pupa. Kwa pili huwapata waliobaki na mayai yaliyoanguliwa katikati. Kinachoua ni jua, kukauka, na ndege. Kwa hiyo lima mchana, jua likiwaka, na usisawazishe udongo siku hiyohiyo. Yangeyange na kunguru watakuja wenyewe. Kama una kuku, wapeleke asubuhi kabla hujawalisha, uwaache wafuate jembe.

Wakati unaofaa ni baada ya mvua za kwanza kulainisha udongo, funza wakiwa wamepanda juu. Njombe na Makete hiyo ni Novemba. Kenya ni Machi kwa mvua ndefu, Oktoba kwa mvua fupi. Ukilima Agosti udongo ukiwa mkavu kama mawe utapata shamba lililolimwa, ila funza wengi watabaki chini wakisubiri. Kwa wanaolima vinyungu, yaani bustani za bondeni, bonde lina unyevu muda wote, hivyo funza huwa karibu na uso hata kiangazi, na kulima mara mbili kunalipa wakati wowote.

Mvua hizo za kwanza ndizo zinazowatoa mbawakawa wa funza weupe ardhini. Wanaruka kuanzia magharibi, wanakula majani ya miti iliyo pembeni, wanajamiiana, kisha wanarudi chini kutaga. Wiki mbili hadi tatu za mwanzo wa mvua, tundika taa ya sola juu ya beseni la maji yenye sabuni ya unga kidogo, taa ikiwa sentimita 20 juu ya maji, kuanzia saa moja jioni hadi saa tatu usiku. Izime baada ya hapo. Taa ikikesha inaua wadudu wengi wasio na hatia, na mbawakawa unaowataka wengi wao huwa wamekwisha kuruka. Kila jike unayemkamata kabla hajataga ni kundi la funza lililoondoka.

Samadi mbichi ni mwaliko

Mbawakawa wengi hutaga kwenye samadi na mabaki yaliyooza nusu, na mchwa hufuata mabua yasiyooza. Ukimwaga samadi mbichi kwenye mfereji wa kupandia, umewaandalia wadudu kitanda na chakula mahali pamoja.

Rundika samadi na majani hadi urefu wa mita 1 hadi 1.5, ikiwa na unyevu wa kutosha kiasi kwamba ukiikamua mkononi inatoa tone moja au mawili. Ikianza vizuri, ndani ya siku chache joto hupanda hadi nyuzi 55 au 65, na joto hilo huua mayai, funza na mbegu za magugu. Geuza kila baada ya wiki mbili ili iliyokuwa nje iingie ndani. Pembeni pa rundo hapapati moto, na ndipo mbawakawa wanapotaga. Miezi miwili hadi mitatu inatosha. Imeiva ikiwa nyeusi, haina joto, na inanukia udongo. Kabla ya kuipeleka shambani itandaze nyembamba asubuhi moja, kuku waichambue.

Kuna pia njia ya haradali: kuipanda kwa wingi, kuikata vipande vidogo inapoanza kutoa maua, kuichanganya na udongo papo hapo na kumwagilia ili mvuke wake mkali usitoroke, kisha kusubiri wiki tatu kabla ya kupanda. Inasaidia zaidi dhidi ya minyoo fundo, wale wadogo wanaoharibu mizizi, na baadhi ya magonjwa. Kwa funza wanene matokeo hayatabiriki, hivyo usiifanye kuwa tegemeo lako.

Kwenye mfereji, siku ya kupanda

Hapa ndipo dawa za asili na za kibiolojia zinapopata nafasi yake nzuri, kwa sababu unaziweka pale pale kiazi kitakapokaa. Fikiria tatu, na huhitaji zote.

Mashudu ya mwarobaini, yale yanayobaki baada ya kukamua mafuta ya mbegu, huwekwa kilo 100 kwa ekari. Ukigawa kwa mita 5,300 za mistari, ni kama gramu 19 kwa mita moja. Pima kwa mzani mara moja, uone ni kiasi gani mkononi mwako, kisha endelea kwa kukadiria. Nyunyiza mferejini, funika kwa udongo wa sentimita 2 au 3, ndipo uweke mbegu juu. Mashudu hayaui kwa siku moja. Hupunguza ulaji na kuvuruga ukuaji wa funza. Mwarobaini hautoki nyanda za juu, unatoka Dodoma, Singida, Morogoro na pwani, kwa hiyo usafiri huongeza bei. Agizeni kwa kikundi. Na mashudu yaliyokaa juani au yaliyoota ukungu yamepoteza nguvu.

Fangasi wanaoua wadudu, Metarhizium anisopliae na Beauveria bassiana, ni chaguo la pili. Chembe zake hugusa ngozi ya mdudu, zikaota, zikapenya ndani na kumla. Changanya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kilo 200 za mboji iliyoiva, yenye unyevu, ukiwa kivulini, kisha igawe mferejini kwa ekari nzima, kama gramu 38 kwa mita. Funika siku hiyohiyo, maana jua huua chembe. Wiki kadhaa baadaye ukifukua utakuta funza waliokufa wakiwa wagumu, wamefunikwa na unga mweupe uliogeuka kijani. Hao wameuawa na Metarhizium. Waliobaki na unga mweupe tu ni wa Beauveria. Usiwatupe. Wasambaze mistari ya jirani, chembe zao zitaendelea na kazi.

Inashindikana kwa sababu zinazojulikana. Udongo mkavu haufai, chembe haziwezi kuota. Udongo wa baridi chini ya nyuzi 15 huzichelewesha sana. Pakiti iliyokaa dukani kwenye rafu ya juani imekufa kabla hujainunua. Angalia tarehe na uulize ilihifadhiwa wapi. Na kosa la kawaida zaidi: kuchovya mbegu kwenye dawa ya ukungu kama mankozebu kisha kuzipanda juu ya fangasi uliowalipia. Dawa ya ukungu haichagui fangasi, nao huwaua. Usichanganye pia na mbolea ya chumvichumvi kwenye ndoo moja. Mbolea iende chini, udongo kidogo, ndipo mboji yenye fangasi.

Chaguo la tatu ni minyoo wadogo mno wanaowinda wadudu, Heterorhabditis na Steinernema. Hawa hawana undugu wa tabia na minyoo fundo. Kipimo cha kawaida ni bilioni 1 kwa ekari, kwenye maji, na hutumika siku hiyohiyo pakiti inapofunguliwa. Heterorhabditis huzunguka wakitafuta na hufaa kwa funza weupe. Steinernema carpocapsae huvizia karibu na uso na hufaa kwa sota. Funza waya wana ngozi ngumu inayowakinga, usitegemee makubwa kwao. Toa vichujio vyembamba kwenye bomba, tikisa mara kwa mara wasituame chini, piga jioni baada ya saa kumi na moja kwenye udongo uliolowa, kisha mwagilia tena kidogo. Funza aliyekufa akageuka rangi ya tofali, bila harufu ya kuoza, ni kazi ya Heterorhabditis.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kimesajiliwa na mamlaka ya viuatilifu: Tanzania ni TPHPA, Kenya ni PCPB. Namba ya usajili iwe kwenye pakiti yenyewe, usikubali kuambiwa kwa mdomo.

Sota, mwezi wa kwanza

Nondo wa sota hutaga kwenye magugu machanga. Ukipalilia leo na kupanda kesho, viwavi waliokuwa kwenye magugu hawana pa kwenda ila kwenye machipukizi ya viazi. Shamba liwe tupu wiki tatu hadi nne kabla ya kupanda, wale wadogo wafe njaa.

Machipukizi yakitoka, pita asubuhi mapema kila baada ya siku mbili. Ukikuta shina limekatwa, chimbua kwa kidole kina cha sentimita 2 hadi 5 kulizunguka. Sota aliyelikata usiku bado yupo hapo, amejikunja, ana rangi ya kijivu na amenona. Muue. Ukimwacha, kesho atakata la pili na la tatu, kwa sababu hukata zaidi ya anachokula.

Sehemu iliyoshambuliwa sana itegee pumba. Kwa ekari: pumba za mahindi kilo 10, molasi lita 1, maji lita 3 hadi 4 hadi ishikane ukiifinya bila kuchuruzika, pamoja na Bacillus thuringiensis aina ya kurstaki kwa kipimo cha pakiti. Mwaga jioni karibu na mashina, kwani ikishinda juani inakauka na bakteria wanakufa. Chambo hiki hufaa kwa sota wadogo, chini ya sentimita moja. Wakubwa hawasikii, wanataka mkono.

Tuta nene dhidi ya nondo wa viazi

Huyu ndiye anayeharibu zaidi maeneo ya joto na misimu yenye ukame, na mbinu yake kuu ni udongo. Nondo ni mdogo, hana nguvu ya kuchimba. Anataga kwenye kiazi kinachochungulia au kando ya ufa, na kiwavi mchanga hushuka kupitia ufa huohuo. Kiazi kilichofunikwa kwa zaidi ya sentimita 5 za udongo usio na nyufa huwa salama kwa kiasi kikubwa.

Panda kina cha sentimita 10. Pandishia udongo mara ya kwanza mimea ikiwa na urefu wa sentimita 15 hadi 20, na mara ya pili wiki mbili au tatu baadaye, kabla maua hayajachanua, tuta lifike sentimita 25 hadi 30. Tuta liwe pana juu. Wengi hutengeneza tuta refu lenye ncha kali, mvua mbili zikaliporomosha na viazi vya pembeni vikabaki wazi, vikiwa vya kijani na vyenye mayai ya nondo. Pita baada ya kila mvua kubwa ukirudishia.

Udongo wa mfinyanzi hupasuka ukikauka. Kama una maji, mwagilia kidogo kidogo hadi karibu na kukomaa ili nyufa zisifunguke. Kama huna, kwangua uso wa tuta kwa jembe dogo, udongo laini uingie kwenye nyufa. Usikate mizizi kwa kuingia ndani.

Vitu vya kuacha

Majivu na chokaa kwa wingi. Majivu yakiwa makavu humzuia sota siku chache, mvua ikinyesha yamekwisha. Ukiyamwaga msimu hadi msimu yanapunguza tindikali ya udongo, na udongo wa namna hiyo huletea viazi ugonjwa wa upele. Unaondoa tundu na kuweka kigaga.

Mafuta machafu ya gari kwenye vichuguu au mferejini. Yanaua udongo kwa miaka, na mchwa huhamia pembeni.

Maji ya tumbaku. Nikotini hupenya ngozi yako kabla haijamfikia funza aliye sentimita 20 chini. Mmea wa utupa nao ni sumu kali ya samaki. Usiutumie kwenye vinyungu wala popote maji yanapoelekea kijitoni.

Na zile dawa za punje na za kumwagia za kemikali. Aldrini na dieldrini, zilizokuwa dawa za udongo enzi hizo, zimo tangu 2001 kwenye Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kuondoa kemikali zinazodumu kwenye mazingira. Kabofurani iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam, unaosimamia biashara ya kemikali hatari kati ya nchi, 2017, na Mei 2025 nchi wanachama wa Stockholm zilikubaliana kuiweka klopirifosi kwenye kemikali za kuondolewa duniani, ikiwa na misamaha. Hata pale zinapouzwa bado, fikiria zinachofanya: zinaua mbawakawa wawindaji wanaokula mayai ya sota, zinaua minyoo ya ardhi, zinaua ndege anayeokota punje akidhani ni mbegu. Msimu unaofuata funza wanarudi, wawindaji hawarudi upesi.

Kuvuna, na baada ya hapo

Kiazi kilichokomaa kikikaa ardhini kinaongezewa matundu tu. Kata mashina, yatoe shambani, subiri siku 10 hadi 14 ganda likaze. Chimba viwili vitatu na usugue kwa kidole gumba: ganda lisipochubuka, vuna vyote.

Anza asubuhi na maliza kuvibeba kabla ya jua kuzama, kwa sababu nondo hutaga kuanzia magharibi. Kuna mazoea ya kufunika marundo ya viazi kwa majani yake yaliyokauka ili yasipigwe jua. Viwavi walio kwenye majani hayo hushuka moja kwa moja kwenye viazi. Funika kwa magunia safi au majani ya miti mingine.

Chambua shambani. Chenye tundu hata moja kisiingie ghalani, maana nondo mmoja kwenye joto la nyuzi 25 au zaidi anamaliza kizazi ndani ya wiki tatu hadi nne. Vibovu vifukie kina cha sentimita 60 au vichemshe uwape nguruwe, ukiondoa vya kijani. Mbegu ihifadhiwe kwenye banda la mwanga hafifu, tabaka moja au mawili, madirisha yakiwa na wavu mwembamba. Tandaza chini na juu yake majani makavu ya lantana au mlingoti (mkaratusi) yaliyopondwa, unene wa sentimita 2 hadi 3. Kagua kila wiki, ukitafuta kile kinyesi cheusi kwenye macho.

Ndani ya wiki moja baada ya kuvuna, pitisha jembe tena shambani udongo ukiwa bado na unyevu. Okota viazi vilivyosahaulika, hata vidogo kama gololi, na ng'oa maotea yote, yaani viazi vinavyojiotea, yatakayochipuka msimu wa mazao mengine, kwani maotea machache katikati ya maharage yanatosha kuwatunza nondo na funza hadi utakaporudi na viazi.